Tombstone: Watoto Wakitoka Kwenye Onyesho, Wapeleke Makaburini

Mzazi, mkiwa Arizona, Marekani, tengeni siku moja ya Tombstone. Kutoka Tucson ni takriban kilomita 110, kuelekea kusini-mashariki.

Jina hilo lina maana ya jiwe la kaburi. Mwaka 1877, Ed Schieffelin alipokwenda kutafuta madini katika nchi ya Waapache, inasimuliwa kuwa alionywa kwamba jiwe atakalopata huko ni la kaburi lake. Alipata madini ya fedha, na mwaka 1879 mji ukaanzishwa.

Mtaa wa Allen bado una vibaraza vya mbao na magari ya farasi. Watoto hupenda zaidi maigizo ya mapigano ya bastola. Mwenye mtoto mdogo akae nyuma, maana milio ni mikubwa.

Msiishie hapo. Mapigano yenyewe, ya Oktoba 26, 1881, yalichukua kama sekunde 30. Watu watatu walikufa: ndugu wawili, Tom na Frank McLaury, na Billy Clanton, kijana wa miaka 19. Wamezikwa Boothill, pembeni mwa mji. Wapeleke watoto wasome majina yao.

Wakiuliza maswali, wajibu bila haraka. Waelewe kwamba mwigizaji akianguka huinuka na kupigiwa makofi, lakini Billy hakurudi nyumbani.

Bebeni kofia na maji ya kutosha. Jua la jangwani halina huruma.