Umeolewa Wewe, Ushungi Navaa Mimi



Mimi ni fundi wa nguo za harusi, na bibi harusi wa mara ya pili namjua kabla hajafungua mdomo. Haji na kundi la mashoga. Hataki shela la kuburura. Atachagua kitambaa cha rangi ya maziwa au kijani kilichopoa, na pale ninapomzungushia futi kiunoni, wakati hatutazamani usoni, ndipo anaponiuliza: "Fundi, na wewe si uliolewa na mtoto? Alikubali?"

Wiki iliyopita kaniuliza mmoja. Ana binti wa miaka 11, na mchumba wake ana wavulana watatu. Sikumjibu habari ya kukubali. Nilimuuliza nyumba ina vyumba vingapi na choo kiko upande gani. Akacheka, akadhani natania.

Nilipoachika, binti yangu alikuwa na miaka 5. Tuliishi wawili tu, chumba na ukumbi, Fuoni. Akirudi chuoni anavua baibui mlangoni, anazunguka na dera lake, nywele wazi zimejaa mafuta ya nazi, anaimba kaswida kwa sauti ya kutoa watu nyumba ya pili. Alipofika miaka 12 nikaposwa na bwana aliyefiwa na mkewe, ana wavulana wawili, wa miaka 15 na wa 8. Mtu wa heshima zake. Tukahamia kwake, kwa kuwa kwake ni nyumba na kwangu ni chumba cha kukodi.

Usiku tunafunga mabegi nikamwambia mwanangu, "Utapata kaka." Nilikuwa najipendekeza kwake. Dini nimesoma na jambo hili nalijua, ila sikutaka kulifikiria.

Maana tazameni hesabu ilivyokaa. Mimi, kwa kuolewa na baba yao, wale wavulana ni maharimu wangu. Nakaa mbele yao kichwa wazi wala sina dhambi. Mume wangu, kwa kuwa ndoa yetu imeshakamilika, ni maharimu wa binti yangu. Lakini binti yangu na wale wavulana hawakuunganishwa na damu wala na ziwa. Kisheria wanaweza hata kuoana. Na yeye alikuwa keshavunja ungo. Sote tulipata jamaa, yeye tukamletea mwanamme wa kando mpaka mlangoni pa chumba chake.

Nikamshonea mitandio minne ya pamba nyepesi, nikaona nimefanya kubwa. Akawa anajifunika akienda kuchota maji, anajifunika akienda chooni, anajifunika akichoma chapati kwenye joto la Februari. Kisha akaacha kutoka kabisa. Chakula akala chumbani. Mimi nikasema ana kiburi. Dada yangu akasema anamwonea mamaake wivu. (Dada yangu hana mtoto wa kike, lakini ushauri anao mwingi.)

Mdogo hakunipa tabu. Alikuwa na njaa na mimi nilikuwa na mandazi, tukamalizana siku ya kwanza.

Ikaja Ramadhani. Siku hiyo tunafutari na wakwe zangu, binti yangu akachukua sahani yake ya muhogo akaelekea chumbani. Nikamfokea mbele za watu: "Rudi hapa ukae na wenzio!" Akageuka. Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mama, umeolewa wewe. Ushungi navaa mimi."

Wakwe wakatazama mkeka. Nikakasirika siku mbili nzima nikingoja aje kuniomba radhi. Siku ya tatu mume wangu akaniuliza taratibu, "Kwani kasema uongo?"

Sisi tunaoolewa na watoto tunapenda kujiliwaza na kisa cha Ummu Salama (R.A), aliyemwambia Mtume (S.A.W) kwamba ana wivu na ana watoto, na akaolewa vivyo hivyo. Mimi siku hizi namkumbuka zaidi mwanawe, Umar. Alikuwa mtoto mdogo, mkono unazunguka sahanini, na Mtume akamfundisha apige bismillahi, ale kwa mkono wa kulia, na ale kilicho mbele yake. Alikosea kwenye chakula, akafundishwa palepale, akaendelea kula. Huyo alikuwa mtoto wa kambo. Mimi nilimfokea niliyemzaa.

Mume wangu akaita fundi, akatoboa mlango kutoka chumba cha binti kwenda uani, choo kikawa hatua nne. Mimi nikashona pazia zito la kuugawa ukumbi. Tukakubaliana kwamba baada ya Isha uani ni kwa wanawake. Na yule kijana akaambiwa apige hodi kabla ya kuingia, kama ilivyo katika Surat An-Nur, kwamba watoto wakibaleghe waombe ruhusa.

Hapo nikagundua nilikuwa nalia na msiba mmoja nikasahau wa pili. Kijana hakumjibu baba yake. Alinijia mimi jikoni, macho mekundu. "Mama mdogo, jeneza la mama yangu limetokea mlango huu. Leo nipige hodi kwetu?"

Sikuwa na jibu, na mpaka leo sina. Usiku ule nilizitoa sahani za marehemu kwenye boksi nilikozitia siku nilipohamia, nikazirudisha kabatini zilipokuwa. Hakusema kitu. Kesho yake akapiga hodi, kwa hasira, mpaka jirani akaitika.

Idi ile nilishona sare ya watu watano, kitambaa kimoja. Tulivaa watatu. Nguo mbili zililala kabatini na sikumlazimisha mtu. Binti yangu humwita mume wangu "ami", na yeye karidhika nalo. Baba yake yupo hai Pemba, na Qur'ani imetuamrisha watoto tuwanasibishe kwa baba zao. Bibi harusi akiniambia anataka mwanawe aseme "baba" siku ya nikaha, namwambia asiniharakishe, nitampima vibaya.

Yamepita miaka mitatu. Kijana anasoma Dar es Salaam, anarudi likizo. Juzi kafika adhuhuri, jasho limemtota, akapiga hodi getini. Ndani ikajibu sauti ya binti yangu, "Subiri kwanza!" Akatua begi, akakaa barazani. Mimi nilikuwa kwenye cherehani dirishani, nawaona.

Mara mdogo akatoka na gilasi ya maji ya baridi, ameishika kwa mikono miwili isimwagike.

"Nani kakutuma?" kaka yake akamuuliza.

"Kasema usimwambie."