Nuru Isiyoonekana

Jioni moja hapa Mlandege, binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha nne, alinijia na daftari lake la fizikia. Maana ya urefu wa wimbi alikuwa ameikariri kwa Kiingereza, neno kwa neno. Nilipomwomba anieleze kwa Kiswahili, alinyamaza, kisha akasema, "Mwalimu, naijua, ila siioni."

Nikamwonyesha taa ya mrija iliyokuwa ikiwaka darini. Ndani yake mvuke wa zebaki hutoa mionzi ya urujuanimno, ya nanomita 254 hivi, ambayo jicho haliwezi kuiona. Unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huinyonya mionzi hiyo na kuirudisha ikiwa nuru inayoonekana. Bila unga ule, tungelipia umeme na kukaa karibu gizani.

Wasaka nyutrino wamekumbana na tatizo hilohilo. Agoni iliyopozwa hadi nyuzi 186 hivi chini ya sifuri hung'aa pale chembe yenye chaji inapoipita. Lakini nuru yake ni ya nanomita 128, na hata kioo cha kawaida huizuia. Kwa hiyo hupaka kemikali kama tetrafenili butadieni, inayoinyonya nuru hiyo na kutoa ya buluu, ambayo vihisi huipokea vizuri. Kwa ajili ya mradi wa DUNE nchini Marekani, ambao Chuo Kikuu cha Antananarivo cha jirani zetu wa Madagaska ni mshiriki wake, wanasayansi wa Brazili walibuni kisanduku ambamo nuru ikishabadilishwa huingia na kunaswa ndani. Wakakiita arapuca, jina la mtego wa ndege wa kwao. Hawakuona haya kuipa fizikia ya karne hii jina la kijijini.

Nasi hatukosi maneno. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 iliipa Kiswahili nafasi ya kufundishia katika ngazi zote. Hata hivyo, mtoto wa shule ya umma bado huvuka kutoka darasa la saba hadi kidato cha kwanza kama anayehamia nchi ya kigeni.

Wapo watakaosema kwamba tafsiri hupoteza kitu. Ni kweli. Nuru iliyobadilishwa nayo huwa na nishati pungufu kuliko ile ya awali. Lakini kihisi hakinufaiki na nishati kisichoipokea, na Kiingereza kinaweza kufundishwa vema kama somo bila kufanywa mlango pekee wa kuingilia fizikia.

Tulirudia somo lile kwa Kiswahili. Baadaye binti alifumba daftari na kuandika maana ileile kwa Kiingereza, safari hii kwa maneno yake mwenyewe. Kazi hiyo ilituchukua nusu saa. Ninyi mlioko ofisini mkiandaa miongozo, nusu saa hiyo mtaiweka wapi katika ratiba ya shule?