Yule Staa Alinipiga Tobo Mnazi Mmoja, Kosa Langu

Leo sina umbea wa harusi, nna aibu yangu mwenyewe.

Kuna dogo mmoja hapa Unguja, jina silitaji, watu wa Mji Mkongwe mshamjua. Siku hizi akiposti picha tu, laiki zinamiminika. Kabla ya hayo alikuwa namba kumi wa timu ya mtaani inayopiga pasi mpaka unaona kizunguzungu. Mechi ya kwanza tulikula tano bila. Mabeki watatu tunaukimbilia mpira mmoja, tukifika ushaondoka zamani.

Kaka mmoja wa maskani, ndiye kocha wetu, hakutukana. Alitukalisha kwenye kahawa akatuonyesha kwenye simu Inter ya Mourinho, 2010, kule Barcelona. Wako kumi, mmoja kala nyekundu, na mpira wala hawautaki! Wakafungwa 1-0 tu, wakaenda fainali kwa jumla ya mabao 3-2.

"Pasi ya pembeni haiui mtu," akasema. "Inayoua ni ile inayopita katikati yenu."

Kwa hiyo mabeki mstari mmoja, viungo mstari mwengine, baina yao hatua kama kumi, maana namba kumi anaishi hapo. Mpira ukienda kulia sote tunasogea kulia, winga wa mbali tunamwacha. Anayekwenda kubana ni mmoja, aliye karibu, tena pale tu mtu anapopokea akiwa katugeuzia mgongo. Wengine tulieni! Nikamuuliza, kwani haya yanawezekana kwetu sisi? Akanikumbusha fainali ya Mapinduzi, Januari 2024: Mlandege 1, Simba 0, hapo hapo Amaan.

Basi marudiano, dakika ya 80, bila bila. Wanapiga pembeni, wanarudisha nyuma, mashabiki wao washaanza kuguna. Dogo akapokea mbele yangu, uso kwangu, mbali kidogo. Nikamwona mtu pembeni ya uwanja ananyanyua simu kurekodi.

Wallahi niliitaka ile klipu. Nikatoka kwenye mstari nikamvaa. Tobo. Pasi ikapita kwenye shimo nililoliacha mimi, bao.

Klipu ipo mpaka leo, kaipandisha mwenyewe dogo, na mimi nimo, miguu wazi. Kocha hakunisema kitu. Ila nilikwenda maskani siku tatu mfululizo na hakuna aliyenisogezea kikombe cha kahawa.

Haya mabeki wenzangu, semeni kweli kwenye komenti: nyie msingetoka?