Mbeya hadi Iringa kwa Ndege

Watu wa nyanda zetu za juu huuliza mara nyingi: kwa ndege, kutoka Mbeya hadi Iringa ni mbali kadiri gani, na ni mwendo wa muda gani? Huuliza hasa simu inapoleta habari ya msiba, na mazishi ni kesho. Basi, tuhesabu pamoja.

Mbeya haikuanza jana kuona ndege. Mwaka 1932 ndege za Imperial Airways, zikitoka Uingereza kwenda Afrika ya Kusini, zilikuwa zikitua hapo. Lakini tangu mwisho wa mwaka 2012 ndege za abiria hutua Songwe, kilometa ishirini na kitu magharibi ya mji, kwenye njia ya Tunduma. Iringa nako kiwanja kipo Nduli, kaskazini-mashariki ya mji, kama kilometa 15. Sasa angalia ajabu yake. Iringa iko mashariki, nawe unaanza safari kwa kwenda magharibi; tena ukifika unashushwa ng'ambo ya mji, ukarudi nyuma kwa gari. Kwa mstari ulionyooka, mji kwa mji ni kilometa 280 hivi. Kiwanja kwa kiwanja ni 305 hivi.

Ndege kubwa ya mapanga mawili, kama zile Q400 za Air Tanzania, huzimaliza kilometa hizo kwa dakika 45 hivi, pamoja na kupaa na kutua. Ndege ndogo ya injini moja huhitaji karibu saa nzima. Ukikaa dirishani siku isiyo na mawingu, utaiona Usangu chini yako, na maji ya Ihefu yanayoulisha mto Ruaha Mkuu. Kwa kweli ni nchi nzuri ukiitazama toka juu!

Basi la abiria hupita barabara kuu, kilometa 330 hivi, kwa saa tano au sita, mizani na malori yasipolichelewesha. Reli ya TAZARA haikusaidii: ikifika Makambako hushika njia ya Mlimba, wala haigusi Iringa.

Dakika 45 mbele ya saa sita! Lakini ngoja kwanza. Ongeza gari la kwenda Songwe, ongeza saa moja au mbili za kungoja kiwanjani, ongeza na gari la kutoka Nduli. Hapo utapata saa tatu na nusu, pengine nne. Bado umelishinda basi, ila si kwa kadiri ulivyodhani.

Kisha, kabla hujatoa fedha yako, uliza hili: je, ndege inakwenda moja kwa moja? Ikikupitisha Dar es Salaam, utaruka kilometa 690 hivi kwenda pwani, na 390 nyingine kurudi bara. Jumla ni 1,080, zaidi ya mara tatu ya njia iliyonyooka. Na ikikubidi kulala Dar ukingoja ndege ya pili, ndugu zako waliopanda basi alfajiri watakuwa wamekwisha zika.

Wewe wa Chimala, Makambako au Mafinga, hesabu hii si yako. Ndege hupita mbali kaskazini yako, na kiwanja cha kukupokea hakipo njiani. Simama barabarani mapema, kabla mabasi ya asubuhi hayajajaa.