Noeli ya Kilema: Kilichopanda na Gari Kishuke na Gari

Mwezi wa Desemba ukifika katikati, barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi hubadilika sura. Mabasi hujaa, magari madogo hufuatana kama siafu, na mizigo hufungwa hata juu ya paa. Ni Wachagga wanarudi kwao kula Noeli. Desturi hii yajulikana nchi nzima, na watani wao huwacheka wakisema ya kuwa siku hizo mjini maduka yote yamefungwa. Basi leo twawaalika ninyi nyote, mlio wa Kilimanjaro na msio wa Kilimanjaro, tupande pamoja nao mpaka Kilema. Huko tutatazama jambo moja tu: sikukuu ikiisha na wageni wakiondoka, ni kitu gani kinachobaki nyumbani?

Safari yenyewe ni ndefu, kama kilomita 560. Twapita Chalinze, twavuka mto Wami, twafika Segera, na baadaye twaona mashamba ya mkonge kushoto na kulia. Mkonge huo ndio uliotufumia kamba, magunia na mikoba kabla plastiki haijaingia nchini. Hapo Korogwe kuna mto Pangani. Yatazameni maji yake vizuri, kwani mengi yametoka huko huko tunakokwenda. Vijito vya Kilimanjaro upande wa kusini hushuka mpaka bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha maji huteremka pamoja na mto Pangani, hupita Korogwe, huzungusha mitambo ya umeme ya Hale, na mwisho huingia katika Bahari ya Hindi. Likumbukeni jambo hili, kwa maana tutalirudia.

Tazameni pia majani ya kando ya barabara. Chupa tupu za maji zimelala humo kama mayai ya ndege asiyejulikana. Abiria amekunywa, amefungua dirisha, ametupa, na katika akili yake jambo limekwisha. Wahenga walisema: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Lakini yule wa zamani alitupa jongoo na mti, vyote viwili vikaoza. Chupa hii haiozi. Yeye atafika kwake, atasali, atakula, atarudi mjini, naye mwaka ujao ataikuta pale pale.

Katika kihamba

Twapita Mombo, Same na Mwanga, milima ya Upare ikiwa upande wa kulia. Tukifika Himo twaiacha nchi ya joto na kuanza kupanda. Hewa hupoa, vumbi hukoma, na migomba huanza. Kilema ni moja ya misheni za kwanza kabisa huku mlimani. Mapadre wa Roho Mtakatifu waliianzisha mwanzoni mwa miaka ya 1890, na karne ile haijaisha walikuwa wamekwisha kupanda kahawa hapo. Hakika kanisa na kahawa vilikua pamoja mahali hapa.

Kila nyumba imekaa katikati ya kihamba chake. Kwa wasiokijua, kihamba si shamba la mbali la kwenda na jembe asubuhi. Ni shamba linaloizunguka nyumba yenyewe, mithili ya kibanja cha Wahaya wa Bukoba. Juu kabisa iko miti mikubwa yenye kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, na chini ya kahawa magimbi na mboga. Ng'ombe na mbuzi hukaa zizini na kuletewa majani. Samadi yao hurudi shinani mwa migomba. Maji huletwa na mifongo, yaani mifereji iliyochimbwa na mababu kutoka mitoni, nayo hugawiwa kwa zamu. Kazi hii ya mababu imepata sifa hata nje ya nchi: mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliviingiza vihamba vya Shimbwe Juu, katika mlima huu huu, miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia.

Humo kihambani ndimo pia yalimo makaburi. Babu na bibi hawakupelekwa mbali. Wamelala chini ya migomba waliyoipanda. Basi mtu akisema kihamba, amesema nyumba, chakula na wazee wake kwa neno moja.

Sikukuu isiyoacha taka

Sasa angalieni jinsi sikukuu ilivyoliwa katika kihamba zamani, na jinsi inavyoliwa hata leo katika nyumba nyingi. Mbuzi huchinjwa. Nyama yaliwa, damu yapikwa kisusio, ngozi yawambwa, mifupa yapewa mbwa. Ndizi humenywa kwa ajili ya mtori na machalari. Maganda huenda kwa ng'ombe. Mbege hupikwa kwa ndizi mbivu na ulezi. Machicha hupewa mifugo. Mbege yenyewe hunywewa kwa kata ya kibuyu, na kata husuuzwa na kutundikwa mpaka sherehe nyingine. Jani la mgomba hutandikwa chini ya nyama, kisha lakatwakatwa na kuingia zizini. Majivu ya jikoni humwagwa bustanini. Hata mapambo yalikuwa majani ya masale na maua ya uani, nayo yakinyauka hurudi ardhini.

Asubuhi ya tarehe 26 mama akifagia uwanja, hukuta majani na mchanga tu. Je, watu wale walikuwa hawana vitu? Sivyo. Walikuwa na vitu tele, lakini kila kitu kilikuwa na njia ya kurudi. Hiyo ndiyo siri ya kihamba: hakina jalala, kwa kuwa hakikuwa na haja nalo, wala hakina nafasi yake.

Wageni wanapopakua mizigo

Turudi sasa kwenye magari yetu. Watoto wamefika, bibi amepiga vigelegele, mizigo yashushwa. Kuna katoni za maji na soda katika chupa za plastiki. Kuna sahani na vikombe vya kutumia mara moja na kutupa. Kuna biskuti, kila moja katika karatasi yake inayong'aa. Kuna nepi za kutupa za mjukuu, tochi na vitu vya watoto vya kuchezea vyenye mawe ya betri, na mapambo ya plastiki ya kumeremeta. Mifuko ya plastiki ya kubebea haimo, kwa sababu serikali yetu iliipiga marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, na kila aliyepita vijijini kabla ya siku ile na baada yake ameona tofauti. Lakini sheria ile iliondoa mfuko wa kubebea. Chupa, sahani na vifungashio bado vipo.

Baada ya siku tatu, vitu hivi vyote ni taka. Mwenye nyumba anazo njia tatu tu za kuziondoa, na zote tatu ni mbaya.

Njia ya kwanza ni shimo kihambani. Lakini plastiki hukaa ardhini miaka na miaka, mizizi haipiti, maji hayapenyi vema. Mawe ya betri yakipasuka hutoa sumu katika udongo ule ule unaolisha magimbi. Upepo na kuku hufukua yaliyo juu, na ng'ombe akipata plastiki yenye harufu ya chumvi au chakula huimeza. Tumbo lake haliwezi kuisaga. Hujiviringisha ndani, hujaza nafasi ya majani, mnyama hukonda huku ameshiba, na mwisho hufa. Ng'ombe mmoja wa zizini ni maziwa ya watoto na samadi ya kihamba kizima. Fikirini basi hasara ya taka ya siku tatu!

Njia ya pili ni moto. Watu wengi hudhani moto husafisha. Moto husafisha majani makavu. Plastiki ikichomwa hutoa moshi wenye sumu, nao huingia vifuani mwa wale wanaokaa karibu na jiko na uani, yaani mama na watoto wadogo.

Njia ya tatu ni mfongo. Mtu hutupa usiku, maji huchukua, asubuhi kwake pasafi. Lakini kwake hapakusafika, ameyahamisha tu. Chupa huziba mlango wa maji wa jirani wa chini, nepi hupita mahali ambapo mtoto wa mwingine huchota maji ya kupikia, na mabaki huendelea kushuka. Je, mwakumbuka mto tuliouona Korogwe? Kilichotupwa Kilema chaweza kusalimiana na msafiri Korogwe, kisha kikaenda kuwasumbua wavuvi wa Pangani.

Heshima ya mgeni

Yuko mzazi atakayesema: "Mwanangu amefika na wenzake kutoka mjini. Nikiwawekea kata na jani la mgomba, wataniona mshamba. Sahani hizi nyeupe ni heshima." Neno hili tusilicheke, kwani limetoka katika upendo. Mama anayekopa fedha anunue sahani za kutupa anataka kumtukuza mgeni. Lakini tumwulize kwa upole: mgeni huyo mjini hula katika sahani hizo hizo kila siku. Alisafiri kilomita 560 kufuata nini? Alifuata mtori wa mama yake, kata ya baba yake, na kivuli cha mgomba. Kumpa vile alivyoviacha mjini ni kumnyima alichokijia.

Nanyi mnaorudi makwenu, sikieni pia. Wahenga husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni anaondoka na ndizi na kuacha gunia la taka kwa wazee wasio na gari la kuzibeba. Mjini taka hulipiwa zikachukuliwa. Kihambani hubaki na wazazi, karibu na makaburi ya wazazi wao.

Yafaayo kufanywa

Kwanza, kilichopanda na gari kishuke na gari. Gunia moja liwekwe pembeni tangu siku ya kufika. Chupa za plastiki, makopo na mawe ya betri viingie humo, na wageni wakirudi waondoke nalo. Mjini wapo wanunuzi wa chupa za plastiki na vyuma chakavu kwa kilo. Chupa husagwa, huyeyushwa na kufanywa vitu vingine.

Pili, nunueni soda za chupa za kioo kwa kreti. Chupa hizo hurudi dukani, huoshwa na kujazwa tena. Maji ya kunywa yachemshwe na kuwekwa mtungini. Hayana gharama ya chupa.

Tatu, sahani ziazimwe. Nyumba tano zikikusanya sahani na vikombe vyao, watu hamsini hula bila kutupa hata kimoja. Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo yaweza kununua sahani zake na kuziazima kwa zamu, Noeli, harusi na misiba. Watoto waoshe, ni kazi na ni mafundisho.

Nne, zitengeni taka. Maganda na mabaki ya chakula yaende zizini na shimo la mboji, yasichanganywe na plastiki. Makopo ya mafuta na ndoo vitumike tena. Mafundi wetu walijua kutengeneza koroboi kwa kopo na ndara kwa tairi kuukuu, kabla mtu yeyote hajatufundisha jambo hilo.

Tano, uzeni kwa pamoja. Kilo mbili za chupa hazimwiti mnunuzi, bali gunia ishirini za jumuiya humwita. Watu wa mlima huu wanajua nguvu ya kuuza kwa pamoja tangu chama chao cha ushirika cha KNCU kilipoanzishwa mwaka 1933 kwa ajili ya kahawa. Haba na haba hujaza kibaba.

Ndugu wasomaji, ninyi mlio mbali na Kilema mna vihamba vyenu kwa majina mengine, mna mito yenu, na mna majirani wa chini. Mwaka 2015 Papa Fransisko aliandika waraka wake uitwao Laudato Si', akaonya juu ya utamaduni wa kutupa ovyo. Lakini sisi tulikwisha kulisikia onyo lenyewe katika Injili ya Yohane. Bwana wetu, aliyeweza kufanya mkate kutoka mikate mitano, baada ya watu kushiba aliwaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki. Hakuwa na upungufu, hata hivyo hakutaka kitu kipotee. Wakajaza vikapu kumi na viwili.

Naye alipozaliwa hakuletewa kitanda kipya. Mama yake alimlaza horini, chombo cha kulishia mifugo kilichokuwapo tayari. Mwaka huu mnapotengeneza pango kanisani na nyumbani, litengenezeni kwa majani ya migomba, nyasi na udongo wa kwenu. Epifania ikipita, mpelekeeni ng'ombe majani hayo. Noeli njema kwenu nyote.