Peke Yake Katika Mto Mississippi

Mto Mississippi unaanzia mahali ambapo mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuuvuka kwa miguu. Ni katika Ziwa Itasca, jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani. Maji hutoka ziwani polepole yakipita kwenye mstari wa mawe, na wageni huvua viatu wakavuka huku wakicheka. Kutoka hapo hadi Ghuba ya Meksiko ni kilometa zipatazo 3,700. Akina mama waliowahi kupanda basi la Dar es Salaam hadi Mwanza watatuelewa tukisema kwamba ni sawa na kwenda, kurudi, kisha kwenda tena, na bado hujafika.

Mwaka 1985 kijana mmoja Mmarekani mweusi, Eddy Harris, aliyekulia katika mji wa St. Louis kando ya mto huohuo, aliamua kuuteremka kwa mtumbwi, peke yake. Hakuwa mzoefu wa kupiga kafi. Kitabu chake, Mississippi Solo, kilitoka mwaka 1988, nasi tulikisoma kwa jicho la mama na kwa jicho la muuguzi. Ebu fikiri, mama mwenzetu: mwanao wa miaka ishirini na tisa anakujia jioni na neno kama hilo. Utamjibu nini?

Hofu ya kwanza ni maji yenyewe. Huko juu mto ni mwembamba, unajipinda katika vinamasi, na mwanzoni huelekea kaskazini kabla haujageuka kwenda kusini. Kisha unaingia katika maziwa makubwa ambako upepo huinua mawimbi ya kupindua mtumbwi. Baridi ya Minnesota si ya kuchezea. Sisi tunaofanya kazi wodini tunajua kwamba mtu aliyelowa hupoteza joto upesi kuliko mtu mkavu, hata kama hakuna barafu. Huanza kwa kutetemeka, kisha vidole havishiki, kisha maneno yanachanganyika, na hapo ndipo hatari ilipo, maana mgonjwa mwenyewe hajui tena kuwa anaumwa. Anahitaji kuvuliwa nguo zilizolowa, kufunikwa blanketi, kupashwa joto kifuani na tumboni kwanza, na kupewa kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa anaweza kumeza. Asipewe pombe. Lakini mtu aliye peke yake, ni nani atakayemvua nguo?

Kuanzia Minneapolis kushuka hadi St. Louis mto umefungwa kwa mabwawa mengi, na chombo hupita katika vyumba vya maji vyenye malango mbele na nyuma. Mwenye mtumbwi huingia, lango hufungwa, maji hupunguzwa naye hushuka nayo huku ameshikilia kamba ukutani. Katika maji hayohayo hupita matishari ya mahindi, soya na makaa ya mawe, kumi na tano yakiwa yamefungwa pamoja, matatu kwa upana na matano kwa urefu, yakisukumwa na boti moja kutoka nyuma. Urefu wake wote unapita mita 300. Nahodha akiona mtumbwi mbele hawezi kusimama ghafla. Chini ya St. Louis hakuna tena malango, mto unakwenda kasi, na matishari huweza kufika thelathini na zaidi. Zaidi ya hapo, kutoka Baton Rouge kwenda New Orleans, utakutana na meli za baharini.

Hofu ya pili ilikuwa ya watu, na tunadhani hiyo ndiyo iliyokuwa nzito zaidi. Harris alitoka sehemu ambazo watu weusi walikuwa wachache mno, akishukia sehemu ambazo babu zao walilima pamba bila ujira. Zamani za utumwa, kuuzwa kwenda chini ya mto huo ndilo lilikuwa tishio kubwa kwa familia za watumwa, kwa kuwa mama aliyeuzwa huko, au mtoto wake, mara nyingi hakuonekana tena. Natchez, mji ulio juu ya kingo za mto, ulikuwa na soko kubwa la watumwa. Na Memphis, nao uko kando ya mto huohuo, ndipo Martin Luther King alipouawa tarehe 4 Aprili 1968. Harris alikuwa mtoto wa miaka kumi na miwili wakati huo. Hakuna mzazi mweusi wa St. Louis ambaye angemficha mwanawe mambo hayo.

Ubaya aliukuta kweli. Kulikuwa na kundi la mbwa mwitu, na kulikuwa na wanaume wawili wenye bunduki waliomjia kwa chuki kambini. Lakini kilichojaa katika kurasa zake ni watu wa namna nyingine, wengi wao weupe. Walimsimamisha kuzungumza, wakamlisha, wakampa mahali pa kulala, kisha wakamwacha aendelee.

Siku hizi wakazi wa kando ya mto wanaofanya hivyo huitwa malaika wa mto. Hawalipwi. Humpokea msafiri gatini, wakampa maji ya kuoga na sahani ya chakula cha moto, wakamfulia nguo, wakamchukua kwa gari hadi dukani au kwa daktari, kisha wakamwambia mwenzao wa mji wa mbele kwamba yupo mtu anakuja. Kazi hiyo, akina mama, tunaifahamu bila kufundishwa. Ni kuongeza kikombe kimoja cha mchele na kutandika mkeka.

Mwaka 2014, akikaribia miaka sitini, Harris aliushuka tena mto uleule, safari hii kukiwa na filamu inayotengenezwa. Angekuwa mwanetu, tungemfungashia sweta mbili na soksi kavu za kutosha, na tungemtaka atuandikie jina la mtu mmoja katika kila mji.