Mwana Anapoingia Shule ya Bweni



Akina mama wa hapa Gazi wametuuliza zaidi ya mara moja tangu mwaka uanze: nimfanyeje mwanangu, kila akipewa simu ya mwalimu hulia akitaka arudishwe nyumbani? Kundi la kwanza la mtaala mpya liliingia gredi ya 10 Januari 2026. Wengi wao waliisoma gredi ya 7 hadi ya 9 katika uwanja ule ule wa shule ya msingi, wala hawakuwahi kulala nje ya kwao. Mtoto wa miaka 15 aliyezoea kuamshwa na adhana na kula wali wa nazi kwa samaki, ghafla yumo bwenini miongoni mwa wageni, aamshwa kwa kengele na sahani yake ina githeri. (Githeri nayo ni neema, lakini tusimlaumu kwa kuukumbuka mkono wa mamake.)

Kilio cha wiki za mwanzo si ugonjwa. Twawasihi wazazi wasikimbilie kumrudisha, wala wasimkemee kwa kumwambia kuwa wenzake wavumilia. Msikilizeni kwanza, mumuulize analolilia ni lipi hasa, kwani neno "sipapendi" lina mengi ndani yake: huenda ni upweke, huenda ni Kiingereza kinachompita darasani, huenda ni kuonewa na wakubwa. Hilo la mwisho haliponi kwa subira. Mzazi na afunge safari, aonane na mwalimu mkuu uso kwa uso.

Kwa mabinti liko jambo la stara. Wapo wanaodhani kuwa mahakama imeipiga marufuku hijabu shuleni. Sivyo. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliwapa haki wasichana Waislamu katika kesi ya shule moja ya Isiolo. Januari 2019 Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu ile, ila kwa sababu ombi lenyewe halikufikishwa mahakamani kwa utaratibu unaotakiwa. Kwa hivyo mengi yamebaki katika kanuni za kila shule, na busara ni kuuliza kabla sanduku halijafungwa. Je, ataruhusiwa kujifunika? Ataswali wapi? Ijumaa itakuwaje? Mwaka 2026 Ramadhani ilianza Februari, ndani ya muhula wa kwanza, na mzazi asiyeuliza habari ya daku amemwachia mwanawe akaulize peke yake, naye hata jina la mpishi halijui.

Twamkumbuka mamake Nabii Musa, alayhi ssalaam, katika Suratul Qasas. Alimtia mwanawe mtoni kwa amri ya Mola wake, kisha akamtuma dada yake Musa amfuate kwa mbali, amwone pasi na wao kutambua. Hakumwacha, wala hakumng'ang'ania.

Basi wazazi wenye watoto katika shule moja wabadilishane nambari za simu. Atakayejaaliwa kwenda siku ya kutembelea amwite na mwana wa mwenziwe, wakae kitako, wale pamoja, na akirudi Gazi apite nyumbani kwa mamake amweleze alivyomwona.